Sema Hukuona

Alhamisi ile Hilari alikuja bila kupiga simu, nami nikajua mambo yameharibika. Huyu ni mwanaume ambaye hata akipita tu barabarani lazima apige kwanza, "Dina, napita hapo, toka nje nikuone." Leo kaja kimya, kaegesha pikipiki mbali na ofisi, kasimama mlangoni na helmeti mkononi kama mtu aliyeleta taarifa ya msiba. Sikumkimbilia. Nilikuwa nafuta vumbi kwenye mapangaboi ya droni, nikaendelea kufuta.

"Dina."

"Nakusikia."

"Baba mkubwa anakuita nyumbani. Jumamosi, saa nane mchana. Uje na shangazi yako."

"Ananiitia nini?"

Aliitazama droni pale mezani, imekunjwa mikono yake, ndogo kuliko kuku wa kienyeji, akaitazama kwa chuki kabisa. Na hii ndiyo iliyotukutanisha. Mwaka juzi iliishiwa betri ikaanguka kwenye mahindi ya kwao, na Hilari akaniletea imefungwa kwenye shati lake, yeye mwenyewe kifua wazi barabarani, akaniambia alidhani imekufa. Nilicheka wiki nzima. Sasa anaitazama hivyo.

"Hilari, ananiitia nini?"

"Unajua, Dina."

Kweli nilijua. Nilijua tangu siku tisa zilizopita, nikawa najidanganya tu.

Ngoja nieleze mwenyewe, maana huko mtaani kila mtu ameshasimulia lake. Mimi ni rubani. Cheka tu. Shangazi Specioza, aliyenilea, alicheka mpaka akakaa chini siku nilipomwambia. "Si wanaiita ndege isiyo na rubani? Sasa wewe humo utakuwa nani, mwanangu?" Nikamwambia rubani yupo, ila anabaki chini. Akasema kama ni kubaki chini, hata yeye ni rubani tangu azaliwe.

Nilianza kwa kuwashikia wapima ardhi fimbo, ile ya mistari myekundu na myeupe, mwaka mzima nimesimama kwenye jua la Kasokola nakula vumbi. Bosi mmoja akaona nasoma ramani kuliko wanaume wake, akaniambia, "Dina, nenda kasome. Droni zinakuja, hiyo fimbo itakuwa kuni." Nikaenda Dar. Watu wanadhani unafundishwa kubonyeza tu. Siku za mwanzo zote sikugusa hata rimoti. Ilikuwa upepo, mawingu, ramani, sheria za anga, wapi uruke na wapi usithubutu. Kisha mtihani. Nilifeli, nikalia chooni, nikarudia. Kisha saa za kurusha, mwalimu kasimama nyuma yako, anakuzimia kifaa cha kuonyesha njia makusudi aone utafanya nini. Ndipo cheti, ndipo kibali. Na hata ukiwa na kibali, kila kijiji unaanza kwa mwenyekiti, watu watangaziwe kwamba kesho kuna kitu kitapita juu, wasikipige mawe.

Yule mwalimu alikuwa na amri moja aliyotuimbisha kila asubuhi: ukiona mtu chini yako, panda au ondoka. Niliiandika ukurasa wa kwanza wa daftari. Bado ninalo.

Basi siku ile tulikuwa Kasokola kupima mashamba, mimi na mwenzangu Audace, baba wa watoto wawili kutoka Mishamo. Kazi ya Audace ni kuifuata ndege kwa macho wakati mimi natazama skrini. Kwenye kona za mashamba tulitandika vitambaa vyeupe vya msalaba ili vionekane kutoka juu, na kimoja hakikuonekana. Watu wa kwetu wakikuta kitambaa kizuri shambani hawakiachi. Nikaishusha droni nikitafute, mita sitini, mita thelathini, mpaka kumi na tano, na upepo ukanisogeza pembeni. Nikajikuta juu ya mji ninaoujua. Bati lenye kutu upande mmoja, kihenge, parachichi. Kwao Hilari.

Nyuma ya nyumba kuna bafu. Nguzo nne, mabua, magunia, na juu hakuna kitu, kama mabafu yote ya kwetu. Tangu lini mtu akaezeka bafu? Nani atachungulia kutoka juu zaidi ya Mungu, na Mungu ameshaona kila kitu.

Mama yake Hilari alikuwa amekaa kwenye kigoda. Alikuwa amefungua kitambaa kifuani upande wa kushoto, na pale nilipotegemea kuona titi la mama mtu mzima nikaona kidonda. Kikubwa, kimechimbika, kinatoa maji. Pembeni yake bakuli la majani yaliyopondwa. Alikuwa anayapaka kwa vidole viwili, taratibu, ameuma khanga isije sauti ikatoka.

Kisha akasikia mlio, akainua uso.

Macho yetu yalikutana. Najua alikuwa anatazama kamera tu, lakini mimi nilikuwa upande wa pili wa ile kamera, na alinijua. Nilitakiwa kupanda palepale. Amri ya mwalimu ilikuwa wazi. Mikono haikunitii, nikakaa juu yake sekunde kumi nzima, mama wa watu hana hata mahali pa kukimbilia.

Nilipopanda, nilifuta kila kitu. Mstari wote wa picha, wa kwao na wa majirani. Ndiyo maana ramani ya Kasokola ikabaki na pengo, na ofisini nikasema ni hitilafu. Audace hakuona skrini. Lakini jirani mmoja alikuwa anaanua nguo, akaiona droni imesimama juu ya bafu la Mama Hilari, na kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa nayo.

"Mama yako mwenyewe anasemaje?" nilimuuliza Hilari.

"Anasema hakuna kitu. Anasema saa hiyo alikuwa jikoni." Alikaa kwenye kiti cha Audace, helmeti magotini. Mikono yake ni ya fundi mashine za kusaga, unga umeingia kwenye mistari ya viganja na hautoki hata akiosha mara tatu. Naipenda hiyo mikono, kwa nini nifiche. "Baba mkubwa ndiye hataki kuliacha. Anasema mkwe hawezi kumwona mkwe wake uchi, halafu kesho akaja kumpakulia chakula. Anataka useme mbele ya watu. Ukisema hukuona, yameisha, tunaendelea na harusi yetu ya Septemba. Ukisema uliona..."

"Malizia."

"Usinilazimishe."

"Na kama niliona?"

"Usiniambie."

"Hilari, nisikilize kwanza, kuna jambo..."

"Usiniambie, Dina." Alisimama, akanishika mabega, uso wake karibu na wangu mpaka nikasikia harufu ya mahindi mabichi na dizeli. Macho yake yalikuwa mekundu. "Yule mzee ndiye aliyenisomesha baba alipokufa. Sijawahi kumdanganya, sijui hata inafanywaje. Nikijua, uso wangu utasema kabla ya mdomo. Kwa hiyo uliona, hukuona, kaa nalo wewe. Mimi niache nisijue. Jumamosi sema hukuona, basi, tuoane."

"Mama yako umemwangalia vizuri siku hizi?"

"Amefanyaje?"

"Amekonda."

"Ni mawazo ya harusi. Mimi ni mtoto wake wa pekee, unategemea anenepe?"

"Mpeleke hospitali akapimwe."

"Baada ya harusi."

"Kwa nini isiwe kesho?"

"Dina, mbona unanichanganya?" Aliniachia mabega. "Mimi nimekuja na jambo la kuvunjika kwa ndoa yetu, wewe unaniambia habari za mtu kukonda."

Ningeweza kulisema pale pale. Nimejiuliza sana kwa nini sikulisema. Jibu ni kwamba nilimpenda, na alikuwa ameniomba kitu kidogo kuliko vyote alivyowahi kuniomba. Neno moja tu. Alinibusu kwenye paji la uso mlangoni, watu wakiona, jambo ambalo si kawaida yake, akaondoka. Nilibaki nimeshika tambara la kufutia vumbi mpaka Audace akaja kuniuliza kama leo haturuki.

*

Jumamosi kulikuwa na moshi. Ni msimu wa kuchoma mashamba, anga lote la Mpanda lilikuwa rangi ya majivu na jua halina nguvu. Kwenye bajaji Shangazi Specioza alikuwa amevaa kitenge chake cha sherehe, akanishika goti.

"Sikiliza. Mimi sikuulizi uliona au hukuona. Macho ni yako, nani atayafungua akague?"

"Shangazi..."

"Nimekuzika wewe? Sijakuzika. Nataka nikuoze. Una miaka ishirini na tisa, umepata mtu ana kazi, halewi, anakupenda mpaka anatia aibu. Sema hukuona. Mungu mwenyewe atasema huyu mtoto alikuwa na sababu."

Nilikuwa nahesabu: siku tisa, na mbili, kumi na moja. Siku kumi na moja kile kidonda kinapakwa majani.

Tulipokelewa vizuri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Viti vimepangwa chini ya parachichi, vimefutwa. Baba mkubwa Maximilian alinyanyuka kutusalimia, mzee mrefu, fundi seremala, koti lake la suti amelivaa katika joto lile kwa heshima ya Shangazi. Hilari alikuwa amekaa nyuma yake, amenyoa, shati jeupe. Alinitazama mara moja tu na kuinamisha macho.

"Dina, njoo unisaidie huku," mama yake aliita kutoka jikoni.

Jikoni mlikuwa na giza la moshi. Alinigeuzia mgongo, anakoroga mchuzi ambao hauhitaji kukorogwa. Anakoroga kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ameubana ubavuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akapunguza kuni. "Uliniona."

"Nilikuona, mama. Nisamehe. Nilitakiwa kuondoka nikashindwa."

"Nani mwingine?"

"Hakuna. Nimefuta zote, hata hazipatikani tena."

"Ahsante." Alishusha pumzi. "Nilijua ni wewe. Ningejua ni mwingine ningejifunika haraka zaidi."

Sijui kwa nini maneno hayo yalinivunja. Nikamshika mgongo, mifupa yote ikahesabika chini ya kitenge.

"Tangu lini, mama?"

"Mwaka jana, mahindi yakiwa mabichi. Lilianza kama punje tu."

"Hospitali umekwenda?"

"Kuna mama wa Kabungu ananipa majani."

"Majani hayawezi hiki, mama."

"Najua." Aligeuka, na kwa mara ya kwanza akanitazama usoni. "Unadhani mimi mjinga? Dada yangu alikuwa nalo hilihili. Walimkata, akarudi hapa, mume wake kashahamia kwa mwanamke mwingine, akakaa miezi miwili tukamzika. Mimi nikienda hospitali leo, harusi imekufa. Hilari atauza mashine yake, atakaa kando ya kitanda changu, na wewe utangoja mpaka uchoke. Acha nimwoze mwanangu kwanza."

"Halafu utakwenda?"

Alikoroga mchuzi.

"Mama. Baada ya harusi utakwenda?"

"Nikishawaona mmesimama pale kanisani, hata nikilala nisiamke, roho yangu imetulia."

Hapo nilielewa. Wote walikuwa wananiambia baada ya harusi, na mwenye mwili hakuwa na mpango wa kufika mbali na hapo.

"Sema hukuona, mwanangu," alisema, na akanishika mkono kwa ule wake wa kulia, wa moto, unanuka vitunguu. "Hii siyo dhambi yako. Mimi ndiye niliyeonwa, na mimi nimekusamehe. Sasa kuna kosa gani tena?"

*

Baba mkubwa hakuwa mtu mbaya. Ningependa kukuambia alikuwa mkali, alinigombeza, ningepata wa kumchukia. Alianza kwa kuniuliza habari za kazi.

"Hebu tueleze, mama. Hiyo kazi unasomea kabisa?"

"Unasomea, baba mkubwa. Na mtihani unafanya, na kibali unapewa."

"Na hicho kidude kinaona?"

"Kinaona."

"Kinaona mpaka nini?"

"Kikishuka, mpaka kuku."

Watu wakacheka. Hata Hilari alitabasamu kidogo, na mimi nikawaza, hivi ndivyo Jumapili zetu zingekuwa, wazee wananitania chini ya mti huu, mtoto mgongoni. Niliiona kabisa, ikakaa mbele yangu.

"Mimi kazi yako sina neno nayo," mzee aliendelea. "Mtoto wa kike ana kazi, tunashukuru. Ila kuna maneno yamezagaa, na maneno yakiingia kwenye ndoa hayatoki. Kwa hiyo nitakuuliza mara moja, utanijibu, tutanawa mikono tule. Siku ile na hiyo ndege yako, ulimwona mama mkwe wako bafuni, au hukumwona?"

Alikuwa ananiuliza kwa upole. Alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya koti ili anawe. Jibu alikuwa amelipata tayari, alitaka tu lipite mdomoni kwangu. Shangazi alinikanyaga mguu chini ya kiti. Hilari aliinua macho na kunitazama, na yale macho nitayakumbuka nikiwa bibi kizee. Hayakuwa yanaamuru. Yalikuwa yananiomba, kama siku ile aliponiuliza kama anaweza kunisindikiza mpaka kwetu.

Nilifungua mdomo nikiwa na lile neno tayari. Naapa nilikuwa nalo.

Ndipo mama akatoka jikoni na jagi la maji ya kunawa. Jagi limejaa, zito, la kushika kwa mikono miwili, na yeye amelishika kwa mmoja. Mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka mpaka maji yanamwagikia miguuni. Wa kushoto umebanwa ubavuni. Haukuinuka kusaidia. Watu wote walikuwa wananiangalia mimi, hakuna aliyemwangalia yeye.

"Nilimwona," nikasema.

"Dina," Shangazi alinong'ona.

Baba mkubwa aliacha kukunja mikono ya koti. "Sema tena, mama. Labda sikusikia."

"Nilimwona, baba mkubwa. Mama ana kidonda kwenye titi la kushoto. Ni kikubwa na kinatoa maji. Tangu mwaka jana anakipaka majani na hajamwambia mtu. Mpelekeni hospitali leo. Mengine yote mtaniambia baadaye, lakini mpelekeni leo."

Nilisema titi. Mbele ya shemeji yake, mbele ya mwanawe, mchumba wangu. Sauti yangu mwenyewe niliisikia kama ya mtu mwingine. Hakuna aliyejongea.

"Anaongopa," mama alisema taratibu.

Hilari alisimama. "Mama."

"Anaongopa, mwanangu. Msimsikilize."

"Mama, weka jagi chini."

Akaliweka.

"Inua mkono wa kushoto."

"Hilari, mbele ya wageni..."

"Mama yangu, nakuomba. Inua mkono."

Alijaribu. Mungu wangu, alijaribu kweli, kwa ajili yetu sote, aumalize ule mjadala tukale. Mkono ulipanda mpaka usawa wa tumbo, uso wake ukabadilika rangi, ukasimama hapo. Haukufika hata kifuani. Aliangalia ule mkono kama umemsaliti, kisha akaanza kulia bila sauti, na Hilari akamfikia kabla hajaanguka.

Baada ya hapo kila kitu kilikwenda haraka. Mtu alikimbilia kwa mwalimu mwenye gari. Baba mkubwa alivua koti lake la suti na kumfunika shemeji yake mabegani bila kumgusa. Walipompitisha mbele yangu, mama alisimama. Nilidhani atanilaani, na ningepokea.

"Nilikuomba," alisema. Basi. Akaingia kwenye gari.

Hilari alirudi kuchukua kitambulisho chake kwenye kiti. Alisimama mbele yangu, shati jeupe lina alama ya maji na ya damu kidogo begani.

"Siku kumi na moja," alisema.

"Alhamisi nilitaka kukuambia."

"Najua. Nilikukataza." Alikigeuza kitambulisho mkononi. "Nitajisamehe lini mimi, Dina? Nalala naye nyumba moja. Nakula mkononi mwake. Wewe ulimwona kwa sekunde ngapi?"

"Kumi."

Alitikisa kichwa. Aliinua mkono kana kwamba atanigusa shavu, kisha akaushusha.

"Asante," alisema. "Usije hospitali."

Gari likaondoka, vumbi likachanganyika na moshi. Viti vilibaki vimepangwa vilevile. Baba mkubwa alirudi akakaa, amechoka, bila koti akaonekana mdogo. Alizungumza na Shangazi, si na mimi.

"Mama, mchukue mtoto wako. Hatuna ugomvi naye. Kama shemeji atapona, amemponya huyu, na nitalisema popote. Lakini titi la mke wa marehemu ndugu yangu limetajwa mbele yangu na mkwe wake. Mimi nitakaaje naye meza moja? Hilari atamtazamaje mama yake? Hapa harusi hakuna."

"Nimesikia, mzee," Shangazi alisema. Alikuwa anajifunga kitenge chake upya, vidole haviwezi fundo. Njiani hakunigombeza hata neno moja. Alinishika goti lile lile, mpaka mjini, na sote wawili tulitazama nje.

*

Tulisikia wamempeleka Mwanza. Tulisikia amekatwa. Baada ya hapo hatukusikia tena. Hilari alifunga mashine yake, namba yake ikawa haipatikani, na pale Kasokola mtu akituona anakumbuka ana haraka. Agosti yote niliuliza kwa watu wa kanisani, wengine wakasema anaendelea, mmoja akasema alisikia msiba lakini labda wa mwingine. Ukiwa si mke na si mchumba, huna wa kumpigia ukauliza kama mtu yu hai. Nilikuwa naamka asubuhi nikiwa na swali hilo mdomoni.

Septemba, wiki ile ile ambayo ingekuwa ya harusi, bosi akaniita. Ramani ya Kasokola ina pengo, akasema, wenye mashamba wanadai hati zao, nenda karudie mstari ule.

Nilifanya yote ya kufanya. Nilikwenda kwa mwenyekiti, watu wakatangaziwa. Nilitandika vitambaa vyangu vyeupe upya. Nilisimama mbali kabisa, uwanja wa shule, Audace kando yangu anafuata ndege kwa macho, na nikairusha juu, mita mia moja, mahali ambapo mtu ni nukta tu na nyumba ni kiberiti.

Mashamba yalipita. Njia ya ng'ombe ikapita. Kisha parachichi, kihenge, bati lenye kutu upande mmoja. Sikutaka kutazama nyuma ya nyumba, nikatazama.

Kitu kilimeta kwenye skrini mpaka nikafumba macho. Nikafikiri ni maji. Haikuwa maji. Bafu lilikuwa limeezekwa. Bati jipya kabisa, limepigwa misumari kwa mpangilio wa fundi seremala, linawaka kwenye jua peke yake kijiji kizima.

"Ona hao," Audace alisema akichungulia begani kwangu. "Nyumba ina kutu, bafu lina bati jipya. Ndo nini sasa?"

Nilicheka, kisha nikagundua sicheki. Nilijua nani amelipiga hilo bati, na nilijua amelipiga dhidi ya macho ya nani. Kila msumari ulikuwa wangu. Lakini nilijua na lingine, ambalo mwezi mzima hakuna aliyekubali kuniambia. Hakuna mtu anayeezeka bafu la marehemu.

Anarudi. Au amesharudi, yuko chini ya lile bati sasa hivi, anaoga, haumi khanga.

"Dada Dina, vipi? Tushuke tuone vizuri?" Audace aliuliza.

"Hapana," nikamwambia, nikafuta uso kwa mkono wa shati. "Hapa tunapita juu."